Namba Isiyotaka Kugawanyika

Nyamirambo, Kigali
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Dada Cécile,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye bado yupo, bado ana meno yote isipokuwa lile unalolijua, na bado anatengeneza vyerehani vya watu kwenye kibanda kilekile chini ya msikiti. Najua ni miaka mitatu sijakuandikia. Nilikuwa nimejiandaa kukwambia posta imekufa, kisha nikakumbuka kwamba barua zako wewe zilikuwa zinafika. Basi hapo naishia, nawe usiniulize zaidi.

Shangazi Christella alipiga simu kutoka kwetu Burundi, pale Buyenzi. Goti lake limepona. Mdomo, kama unavyojua, haujawahi kuugua.

Sasa, kuna jamaa mmoja namfahamu hapa mtaani. Ni fundi kama mimi, umri wetu mmoja, hajaoa kama mimi, lakini si mimi. Mwaka jana jamaa huyu aliletewa cherehani kibovu na mwalimu wa hesabu wa Kagugu anayeitwa Trinah, mjane, aliyekulia Mbarara kule Uganda. Cherehani kilihitaji sindano mpya tu. Jamaa akakikalia wiki tatu ili mwenyewe aje kukiulizia mara nne. Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa anapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi Kagugu kunywa chai ya tangawizi, na Jumapili iliyopita akakusanya ujasiri wote aliozaliwa nao, akamwuliza mwalimu kama angekubali kuolewa naye.

Mwalimu akaweka kikombe chini. Akachana kipande cha karatasi kwenye daftari la mwanafunzi, akaandika namba kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, akamsukumia.

"Wewe maneno unayo mengi," akasema, "kwa hiyo mimi nakujibu kwa namba. Kama jibu ni ndiyo, namba hii itagawanyika bila baki mpaka vitoke vipande vitatu, navyo vitakuambia siku, mwezi na mwaka. Kama ni hapana, haitagawanyika kwa chochote. Simu hapana, kompyuta hapana. Kalamu. Na usinitajie habari yake mpaka umemaliza."

Jamaa akauliza kama anaruhusiwa kusaidiwa. Anaruhusiwa, mradi msaidizi naye awe mtu wa kalamu. Na mimi, dada, mtu wa kalamu ninayemjua duniani ni wewe peke yako, uliyekuwa wa kwanza kwa hesabu shule nzima wakati mimi nilikuwa wa kwanza kutoka darasani. Tena nasikia huko monasteri hamna mashine yoyote, hata ya kusagia mahindi.

Namba yenyewe ni hii: 326341. Ile moja ya mwisho ameiinamisha kichwa kidogo, kama mtu mwenye haya. Jamaa ameitazama sana hiyo moja. Anaiona ni dalili njema.

Barua hii nampa Audace, dereva wa basi la Nyabugogo linalovuka mpaka pale Rusumo. Ataiacha parokiani Ngara, na wao wanajua njia ya kwenu.

Mdogo wako,
Silvère


Monasterini, karibu na Ngara
12 Novemba 2025

Mdogo wangu Silvère,

Amani iwe nawe, na nimefurahi kusikia posta imefufuka.

Sisi hatujambo. Mvua imewahi, nyuki wamekasirika, na Sista Mugeni anayewatunza amevimba jicho moja lakini anasema wao ndio walioumia zaidi. Miguu yangu inalalamika asubuhi tu. Mama Mkuu aliposikia nimepata barua kutoka kwa kaka yangu aliuliza kama nina kaka. Sikumjibu vibaya.

Mpe pole yule jamaa. Mwambie lile shati lake la mistari ya kahawia asilivae anapokwenda Kagugu. Nalijua, nilimshonea mwenyewe kabla sijaingia huku, na hata siku ile halikumpendeza. Tena ana miaka hamsini na tatu, si ndiyo? Hamsini na tatu haigawanyiki kwa chochote. Sishangai.

Namba hiyo sitakufanyia. Mwanamke kamwuliza jamaa, hakumwuliza dada yake. Nitakuonyesha njia tu. Kwa mbili haiwezi, maana inaishia na moja. Kwa tatu, jumlisha tarakimu zake zote: unapata kumi na tisa, na kumi na tisa haigawanyiki kwa tatu, basi na yenyewe haigawanyiki. Kwa tano unajionea. Halafu nakujua: utataka kujaribu nne, na sita, na nane. Usijaribu. Ikiwa mbili imegoma, nne itapitia mlango gani? Jaribu zile tu ambazo zenyewe hazigawanyiki, ambazo walimu wa huku wanaziita namba tasa: saba, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba, uendelee hivyo.

Utasimama ukifika 571. Ukizidisha 572 kwa yenyewe unaipita namba yako, kwa hiyo kama kufikia hapo hujapata kipande, hakuna kipande. Namba tasa za kujaribu ni mia na tano. Si nyingi. Watu wamejenga makanisa.

Jambo moja ulikumbuke: tarehe 30 mwezi huu tunaingia Majilio. Wakati wa Majilio na wa Kwaresima hatuandiki barua wala hatusomi. Zinazofika zinawekwa kwenye kikapu cha Mama Mkuu mpaka sikukuu.

Nakuombea. Namwombea na jamaa, asije akaona wivu.

Cécile


Nyamirambo
23 Novemba 2025

Dada yangu mpendwa,

Nakuandikia haraka niwahi kabla kikapu hakijafunguliwa mdomo. Huku wazima. Mvua inanyesha kila siku saa nane kama mtumishi wa serikali.

Barua yako ilimkuta jamaa ameshajaribu nne, sita, nane, tisa na kumi. Kumi, dada. Namba inayoishia na moja. Alikuwa amefuata utaratibu.

Sasa anafuata njia yako. Anaandikia kwa chaki kwenye karatasi za kaki ambazo jirani yangu Ilyasi, yule fundi nguo, anakatia mifano ya suruali, kwa sababu kwenye daftari mgawanyo unamwishia ukingoni. Kuna hasara yake. Juzi Ilyasi alichukua karatasi ya 43 bila kuuliza, akaikata. Hivi ninavyokuandikia kuna mtu anatembea Nyamirambo na suruali iliyopimwa juu ya arobaini na tatu, baki kumi na nne.

Ilyasi aliniuliza, "Mzee, hii namba iko na shida gani na wewe?" Nikamwambia ni ya rafiki yangu. Akatazama karatasi zilizojaa kibanda, akatazama chaki masikioni mwangu, akasema huyo rafiki ana bahati.

Lakini nikueleze ya 37. Unagawa, unashusha, unagawa, unashusha, mambo yanakwenda vizuri kama cherehani kilichotiwa mafuta, halafu mwisho kabisa inabaki moja. Moja tu. Nilikaa chini. Ilyasi aliniletea maji.

Jumapili kwa Trinah tunazungumza habari za mvua. Sijawahi kujua mvua ina mambo mengi hivyo. Yeye ananitazama kama anayesubiri mtu amalize kikohozi.

Krismasi njema, maana basi likichelewa utaisoma siku hiyo.

Silvère


Monasterini
28 Desemba 2025

Mdogo wangu,

Krismasi yetu ilikuwa na kuku wawili na barua yako, na kati ya hivyo vitatu barua ndiyo iliyochekesha. Niliwasomea masista ile ya suruali. Usikasirike. Huku hatuna televisheni.

Nimegundua kwamba jamaa amefariki. Alikuwa hai ukurasa wa kwanza, kufika kwenye 37 umeandika "nilikaa chini." Raha ya milele umpe, Ee Bwana. Sasa tuongee wewe na mimi.

Usilie kwa ajili ya ile moja iliyobaki. Kwenye kugawanya hakuna karibu. Inayobaki moja na inayobaki thelathini na sita zote zimekataa, ile ya kwanza ina adabu tu. Futa chaki, nenda 47.

Unampenda kweli, au unapenda kushindwa naye? Nijibu hilo, namba itajijibu yenyewe.

Cécile


Nyamirambo
8 Februari 2026

Dada Cécile,

Salamu. Shangazi Christella hajambo. Mimi sijambo. Ilyasi amepata tenda ya sare za wanakwaya na anafurahi.

Nimefika 97. Baki thelathini na tatu. Chini ya mia moja kuna namba tasa ishirini na tano na zote nimezijaribu, nyingine mara mbili nikidhani nimekosea. Hakuna iliyokubali. Mimi si mtu wa hesabu, lakini ukibisha hodi nyumba ishirini na tano mtaa mmoja na hakuna anayefungua, unaelewa. Yule mama ni mtu mwungwana. Hakutaka kuniambia hapana usoni, akanipa namba iniambie polepole.

Kagugu siendi tena. Nimewaambia watu moto zimepanda bei.

Uliniuliza swali Desemba. Jibu ni lile la kwanza. Tafadhali tusiandikiane tena habari hii.

Silvère


Monasterini
Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili 2026

Silvère, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Kristo amefufuka, na namba yako imepasuka.

Kaa chini. Ilyasi akuletee maji.

Barua yako ilinifikia jioni ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Nisingeweza kukujibu, kesho yake tulikuwa tunafunga kalamu. Nilikwenda kwa Mama Mkuu kuomba toba yangu ya Kwaresima, kama kila mmoja anavyofanya, nikamwambia naomba kugawanya 326341 kwa namba tasa moja kila siku, Jumapili kupumzika, nianzie pale kaka yangu alipoangukia, yaani 101. Akauliza hiyo ni toba ya namna gani. Nikamwambia, Mama, miaka thelathini na moja sijagawanya kitu kizito kuliko mkate. Akaniruhusu.

Ulisema umebisha hodi ishirini na tano. Mtaa ulikuwa na nyumba mia na tano, Silvère. Nilikuandikia.

Basi nikabisha. 101, baki kumi. 103, baki thelathini na saba. Wiki ya tatu nilianza kuota baki. Tarehe 2 Aprili, Alhamisi Kuu, siku yangu ya thelathini na nane, ikawa zamu ya 307. Niligawa, nikashusha, nikagawa, nikashusha, na mwisho hakukuwa na kitu. Sifuri. 307 mara 1063 ni 326341, nimeizidisha mara tano. Nilicheka kwa sauti katika saa ya ukimya, na kwa hilo nimepewa toba nyingine: nafagia banda la kuku mpaka Pentekoste. Nafagia nikitabasamu.

Mwenyewe alisema ikiwa ni hapana haitagawanyika kwa chochote. Imegawanyika. Kwa hiyo si hapana.

Kuna jambo moja silielewi, nalo sitaki likuharibie Pasaka. Nenda Kagugu. Na hongera ya siku ya kuzaliwa mwezi huu. Hamsini na nne inagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa sita, kwa tisa. Hata wewe umelegea.

Dada yako,
Cécile


Nyamirambo
26 Aprili 2026

Dada,

Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Ilyasi alileta maji bila kuambiwa. Sikujua kwamba ulikuwa unagawanya siku zote zile nilizokuwa nimenuna. Nitatafuta namna ya kulisema hilo siku nyingine.

Jambo usilolielewa nadhani nami silielewi. Vipande viwili, na aliahidi vitatu. Siku ni ipi? Ilyasi anasema 307 ni tarehe tatu mwezi wa saba, inaingia akilini, halafu inabaki 1063 iwe mwaka. "Mwaka 1063," akasema. "Mzee, wewe iko umechelewa."

Nilikwenda hivyohivyo. Ilikuwa baada ya wiki kumi. Trinah alinipokea kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyoniumiza. Chai ilikuwa haina tangawizi. Juu ya meza kulikuwa na fomu ya uhamisho: anaomba kwenda kufundisha Huye, kwa dada yake. Aliona nimeiona. Akasema ataipeleka Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, na kwamba Huye kuna baridi nzuri. Tulizungumza kuhusu baridi. Namba sikuitaja, maana alisema nisiitaje mpaka nimemaliza, na mimi sijui kama nimemaliza.

Nakutumia karatasi yake yenyewe ile ya wino mwekundu, uone kama nimenakili vibaya, ingawa nimelinganisha mara ishirini. Ukiipoteza nitakuja kujiunga na monasteri yenu, na mimi nakoroma.

Silvère


Monasterini
Alhamisi, sikukuu ya Kupaa, 14 Mei 2026

Silvère,

Leo sisalimu. Padre mmoja anakuja Kigali na gari lake, nimembembeleza akungoje mlangoni mwako ikibidi.

Nilikuwa nimekaa na karatasi yako mezani, nimeilinganisha na barua yako. Umenakili sawa. Nikaishiwa la kufanya. Akaingia Sista Mugeni na chupa ya asali, akainama juu ya bega langu.

"Nani amekuandikia saba nzuri hivyo?" akauliza.

Nikamwambia hakuna saba hapo.

"Hii ya mwisho je?"

Mugeni amekulia Mbarara, Silvère. Kama Trinah. Nikampa kalamu nikamwambia aniandikie moja. Akapiga mstari, fimbo iliyonyooka, basi. Niandikie saba. Akapiga fimbo ileile, imeinamisha kichwa. Nikamwandikia saba yangu, ile tuliyofundishwa Buyenzi, yenye mkanda tumboni, akauliza imefungwa kwa kosa gani. Nikamwandikia moja yangu, yenye kofia, akasema hiyo ndiyo saba.

Ile moja mwenye haya si moja. Na kwenye namba nzima hakukuwa na moja ya kweli ya kuilinganisha nayo. Wewe umesoma Burundi, yeye amesoma Uganda, na mimi, niliyekuwa wa kwanza kwa hesabu, nimegawanya Kwaresima nzima namba ambayo hakuna mtu aliyeiandika.

Ni 326347. Kalamu nimeiweka chini kwa mkono wangu mwenyewe, na Mungu anajua jinsi inavyoniwasha. Sijaigawanya, au kama nimeigawanya hilo ni la padre wa maungamo. Anza mwanzo. Nadhani hutafika mbali.

C.


Nyamirambo
Jumapili, 31 Mei 2026

Dada yangu Cécile,

Gari la padre wako lilimfia Kayonza. Akakaa huko wiki mbili akisubiri kipuri, barua iko mfukoni. Jana asubuhi ndipo alipofika, na jana ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi: mtaa mzima tulikuwa kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tunazibua mfereji. Alinikuta na jembe mkononi. Fomu ya Trinah ilikuwa ipelekwe kesho Jumatatu.

Nilisoma palepale. Kalamu sikuwa nayo. Udongo ulikuwa laini, nikageuza jembe, nikaandika 326347 kwa ncha ya mpini. Kwa mbili hapana, tatu hapana, tano hapana. Kwa saba. Nikagawa, nikashusha, nikagawa, nikashusha. Inatoka 46621. Baki hakuna. Dada, niliizunguka hiyo sifuri mara tatu nikidhani imeandikwa na mtu mwingine. Mwenyekiti wa mtaa akaja kuuliza kwa nini mfereji unachimbwa kwa tarakimu. Nikaendelea na 46621: saba hapana, kumi na moja hapana, kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa, zote hapana, halafu ishirini na tatu ikaingia kama ufunguo. Inatoka 2027. Nikamwambia mwenyekiti, "Tarehe ishirini na tatu mwezi wa saba mwakani." Akasema umuganda wa mwezi wa saba uko mwisho wa mwezi.

Moto haziruhusiwi kutembea mpaka umuganda uishe. Nikaondoka kwa miguu. Mwenyekiti akaniita, nikamwambia Kagugu nako kuna umuganda na jembe langu linahitajika. Nilisema kweli. Unajua mwendo wa kutoka Nyamirambo mpaka Kagugu? Unashuka mpaka unadhani umefika chini ya dunia, halafu unapanda yote uliyoyashuka na nyongeza. Nina miaka hamsini na nne, na njiani niligawanyika kwa zote ulizozitaja.

Nilimkuta anakata majani kando ya barabara na majirani zake, kitambaa kichwani. Pumzi ya salamu sikuwa nayo.

"Ishirini na tatu," nikasema. "Saba. Elfu mbili na ishirini na saba."

Majirani wakaacha kukata. Yeye akanyooka polepole.

"Miezi saba, Silvère," akasema. "Nilikupa hesabu ya darasa la sita. Nilijua utaimaliza kabla chai haijapoa, ndiyo maana nilichelewa kukumiminia ya pili."

Kumbe ndivyo alivyokaa muda wote. Alidhani niliimaliza palepale, nikaiona tarehe, nikaogopa, na kwamba kila Jumapili nilikuwa nakuja kuongea habari za mvua ili nisiseme. Halafu nikaacha kuja, akajua nimesema. Mimi nimekaa nikisoma hapana yake, naye amekaa akisoma hapana yangu, na kati yetu kuna kijisaba kimeinamisha kichwa.

Nikamtolea barua yako. Akasoma mpaka pale kwenye mkanda tumboni, akaketi juu ya majani yaliyokatwa, akacheka mpaka bibi mmoja akamshika bega. Alipopata nafuu alimalizia kusoma, akaniuliza kama ni kweli sista mmoja amegawanya kwa mkono Kwaresima nzima. Nikasema ni kweli. Akafuta macho. "Huyo ndiye ningepaswa kumposa," akasema.

Fomu ameifunikia sufuria ya maziwa. Nikauliza kwa nini tusifunge ndoa mwaka huu, mbona tumeshapoteza mingi. Akasema elfu mbili na ishirini na sita inagawanyika kwa mbili, na yeye hataki kuolewa katika mwaka unaogawanyika. Huyo ndiye mke wangu. Ni Ijumaa, shule zitakuwa zimefungwa. Ilyasi anataka kunishonea suti na nimemkataza kutumia karatasi zangu.

Swali lile la namna ya kukushukuru bado sijalipatia jibu. Najua siku hiyo hamtoki huko, kwa hiyo sikuulizi. Nilimweleza Trinah hivyo, akaomba kalamu. Hapa chini ni mwandiko wake. Tangu jana ameanza kuzifunga mkanda saba zake. Mimi nami nimezivua moja zangu kofia.

Silvère

*Dada Cécile, shikamoo. Ngabo, mwanafunzi wangu wa mwisho darasani, angemaliza ile namba kwa dakika kumi, lakini asingetembea na jembe kutoka Nyamirambo, kwa hiyo nimeridhika. Kuna siku tunataka kuja kwenu, wawili, tukae nawe. Siisemi. Masharti ni yaleyale: siku, mwezi, mwaka, na kalamu tu. 439859. Nimetafuta isiyo na saba wala moja. Trinah.*


Monasterini
17 Juni 2026

Wapendwa wangu Silvère na Trinah,

Imenifikia saa ya chakula. Nilipomaliza kuigawanya, supu ilikuwa bado inatoa mvuke, na Sista Mugeni, aliyeigawanya upande wa pili wa meza, alinishinda kwa kijiko kimoja tu.

Mama Mkuu ameandika siku hiyo kwenye kitabu cha wageni. Ni Jumamosi, siku nane baada ya harusi yenu. Sebule inafunguliwa saa tisa, asali itakuwa mpya, na nitakuwa nimeshakaa dirishani tangu saa nane.

Silvère, lile shati la mistari sasa unaweza kulivaa.

Dada yenu,
Cécile